SOMO LETU: Umeme wa Mashine ya Michezo ya Ukumbini



Vijana wa kambi wakitaka kuunda wenyewe mashine ya michezo ya video, sisi tunawaunga mkono. Mbao zipo na seremala yupo. Lakini mashine hiyo itashikwa na watoto wenye mikono ya jasho, wamesimama juu ya sakafu ya saruji iliyopigwa deki. Kwa hiyo kabla ya rangi na urembo, tujifunze umeme wake.

1. Sanduku la umeme ni nini?

Umeme wa ukutani katika nchi zetu ni volti 230 hadi 240. Bodi ya mchezo hutaka volti 5; sauti na taa hutaka volti 12. Sanduku la umeme hupokea ule mkubwa na kutoa huu mdogo.

2. Kuchagua

Kwanza tupige hesabu. Volti mara ampea ni wati. Tuseme bodi inakula ampea 4 kwa volti 5: wati 20. Sauti ampea 1 na taa ampea 1 kwa volti 12: wati 24. Jumla ni wati 44. Tusinunue sanduku linalotosha kwa shida, kwani litachemka kila siku na halitadumu. Tuache akiba ya theluthi moja au zaidi. Tena tuangalie kila volti peke yake: sanduku lenye wati nyingi upande wa volti 12 haliisaidii bodi inayotaka volti 5.

Masanduku mengine yana swichi ndogo ya kuchagua 115 au 230. Iwekwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka plagi. Ikisahauliwa kwenye 115, sanduku laweza kuharibika papo hapo.

3. Kufunga waya

Plagi iwe imechomolewa. Waya wa kahawia ni wa moto, wa buluu ni nyutro, wa kijani na njano ni erthi. Waya wa moto upite kwanza kwenye fyuzi, halafu swichi, ndipo uingie sandukuni. Erthi ifungwe kwa skrubu kwenye bodi ya chuma ya sanduku, kisha iendelee hadi kila chuma kinachoguswa: mlango wa sarafu na bamba la vitufe. Waya wa moto ukichomoka na kugusa chuma chenye erthi, fyuzi hukatika. Pasipo erthi, chuma hukaa na umeme kikimngoja mtoto.

Fyuzi ya ampea 13 katika plagi hupitisha karibu wati 3,000. Waya mwembamba utaungua kabla fyuzi hiyo haijakatika. Kwa mashine yetu ampea 3 zinatosha. Wala msumari au karatasi ya sigara si fyuzi!

Bodi nyingi zilizotengenezwa baada ya 1985 hufuata mpango wa Kijapani uitwao JAMMA, wenye meno 56. Volti 5 hupita katika meno manne, na njia ya kurudi katika meno manane. Tuyafunge yote, kwa waya mnene na mfupi. Waya mmoja mwembamba hupunguza volti njiani, na mchezo hukwama.

4. Kupima

Tuwashe sanduku kabla ya kuunganisha bodi, tupime kwa mita. Kisha tuunganishe bodi, tupime tena penye bodi yenyewe. Ikishuka chini ya 4.75 bodi hukosea, ikizidi 5.25 yaweza kuharibika.

5. Onyo

Kioo cha zamani cha tyubu huweka umeme mkali hata baada ya kuzimwa, na vingi hutaka transfoma yake ya pekee ya kukitenga na umeme wa ukutani. Kazi hiyo ni ya fundi aliyesomea. Naye akague mashine nzima kabla ukumbi haujafunguliwa.

Mashine ya kiwandani isiyo na erthi tunaikataa na kuripoti kwa kamati. Tusiwawekee watoto wetu ile ambayo sisi wenyewe tunaikataa.

Maswali ya kujadiliana

1. Taa zikiongezwa na kula ampea 2, jumla itakuwa wati ngapi?
2. Kwa nini fyuzi hukaa kwenye waya wa moto, si nyutro?
3. Katika idara yako, ni mashine zipi ambazo erthi yake haijawahi kupimwa? Nani anapaswa kuulizwa?