Kumtafuta Mtu Mtandaoni: Mpaka Uko Wapi?

Siku hizi posa ikija, simu huulizwa kabla ya majirani. Je, huo ndio upelelezi uliokatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12?

Si kila uchunguzi. Fatima bint Qays (r.a.) alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alimwendea Mtume (s.a.w.), naye akamweleza wazi kasoro ya kila mmoja, akamshauri aolewe na Usama. Basi haja ya ndoa inaruhusu kuuliza. Lakini tazameni kipimo: alijibiwa lililohusu ndoa tu. Kufukua picha za mtu tangu akiwa sekondari, mpaka za dada zake, kumeshatoka nje ya haja.

Ukurasa ulio wazi ni kama baraza, mwenyewe ameuweka uonekane. Akaunti iliyofungwa ni nyumba. Anayefungua akaunti bandia ili akubaliwe urafiki, huyo amechungulia tunduni, na tunajua jinsi Mtume alivyomkemea aliyechungulia nyumbani kwake: hodi iliwekwa kwa ajili ya jicho.

"Lakini hatajua." LinkedIn kwa kawaida humwonyesha mwenyewe aliyemtazama. Facebook haimwambii (programu zinazodai kukuonyesha ni za kitapeli), ila majina unayotafuta huhifadhiwa kwenye akaunti yako.

Dada aliyeposwa aanze na waliokaa naye chumba kimoja hosteli, kisha waliowahi kumkopesha fedha.