Mifano Mitano Si Uthibitisho: Somo la Namba 4,294,967,297

Katika kufundisha hisabati, mara nyingi tunamwonyesha mwanafunzi mifano mitatu au minne, kisha tunaiandika kanuni ubaoni. Njia hii yafaa kwa kugundua kanuni. Haifai kwa kuithibitisha. Tusipoibainisha tofauti hiyo, mwanafunzi huondoka darasani akiamini kuwa lililo kweli mara nyingi ni kweli daima. Tunapendekeza somo lifuatalo ili kuiondoa dhana hiyo.

Mwalimu aandike 3 ubaoni. Wanafunzi watoe 1, wazidishe jibu kwa lenyewe, kisha wajumlishe 1. Watapata 5. Wakiendelea hivyo hivyo watapata 17, halafu 257, halafu 65,537. Sasa wachunguze kama namba hizi ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kwa 65,537 kazi igawanywe kwa vikundi, kwani zipo namba tasa 54 za kujaribu, kuanzia 2 hadi 251. Wataona kuwa zote tano ni tasa. Ndipo mwalimu aulize: Je, na inayofuata? Awaache wajadiliane, wala asiwadokezee jibu.

Watakaosema ndiyo wasichekwe. Pierre de Fermat, mwanahisabati mashuhuri wa Ufaransa wa karne ya 17, aliamini vivyo hivyo. Namba inayofuata ni 4,294,967,297. Mnamo mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Wanafunzi wazidishe kwa mkono ili wahakikishe.

Darasa la juu laweza kuonyeshwa sababu yake bila kugawanya. Namba yetu ni 2³² + 1. Tunajua kuwa 641 = 5⁴ + 2⁴, na tena 641 = 5 × 2⁷ + 1. Kwa hiyo:

2³² = 2⁴ × 2²⁸ = (641 − 5⁴) × 2²⁸ = 641 × 2²⁸ − 640⁴

Tukijumlisha 1 pande zote mbili:

2³² + 1 = 641 × 2²⁸ − (640⁴ − 1)

Lakini 640⁴ − 1 = (640 + 1)(640 − 1)(640² + 1), nayo inagawanyika kwa 641. Basi namba nzima inagawanyika kwa 641.

Mwanafunzi atakuwa amejionea kuwa mifano mitano iliyokubali haikutosha kuisimamisha kanuni, na mmoja uliokataa umetosha kuiangusha.

Somo lisiishie hapo. Baada ya 65,537 hakuna namba tasa nyingine ya mfuatano huu iliyokwisha kupatikana hadi leo. Mwalimu aulize: Je, tuseme basi kwamba hazipo? Atakayejibu kwamba jambo hilo bado halijathibitishwa, huyo amelielewa somo.