Uvujaji wa Oili na Upande wa Mzunguko katika Injini ya Boti Iliyoundwa Upya

Si ajabu kwa injini ya boti ya uvuvi kuwa ilianza kazi yake barabarani, ndani ya lori. Ikichakaa hupelekwa Gerezani, ubavuni mwa soko la Kariakoo. Huko mafundi huifumua, huibadilishia ringi, beringi na gasketi, kisha huiunda upya. Kutoka hapo ni mwendo mfupi tu hadi Kivukoni, penye soko la samaki la Feri, ambako hufungwa chomboni.

Tuseme kwamba baada ya siku chache oili inaonekana ikitona nyuma ya injini, chini ya flaiwili. Fundi anabadilisha sili, nayo inavuja. Anabadilisha tena, na bado inavuja. Mwenye boti anamlaumu fundi, na fundi anamlaumu muuza vipuri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba huenda wote wawili hawana hatia, kwani sili inayovuja si lazima iwe sili mbovu. Kabla ya kuing'oa hapana budi kuuliza maswali mawili: oili hii inatoka wapi hasa, na je, mhimili huu unazunguka upande gani?

Uzito wa tone moja

Mililita moja ya oili ni matone 20 hivi. Injini inayovuja tone moja kwa kila sekunde hupoteza matone 3,600 kwa saa, yaani mililita 180. Kwa usiku mmoja wa saa 10 baharini, hasara hiyo hufika lita 1.8. Ikiwa bakuli la injini huchukua lita 8, zaidi ya humusi yake imekwisha kuondoka. Chombo kikiyumba kwa mawimbi, pampu ya oili huanza kufyonza hewa, beringi hukauka na injini hukwama. Dereva wa lori akipatwa na hayo hushuka akasimama kando ya barabara. Mvuvi hana kando ya kusimama.

Oili iliyopotea nayo haitoweki. Wahenga walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Oili hujikusanya humo ngamani, huchanganyika na maji, na hatimaye hupigwa bomba ikamwagwa baharini.

Mahali inapotona sipo inapotoka

Oili huteremka kwa uzito wake, na upepo wa sehemu zinazozunguka huisukuma mbali. Kwa hiyo oili inayotona chini ya flaiwili yaweza kuwa imetoka kwenye gasketi ya kifuniko cha vali, juu kabisa ya injini. Yaweza pia kuwa ni dizeli, au oili ya giaboksi.

Njia ya kutafuta chanzo ni rahisi. Osha injini mpaka iwe safi, kisha ikauke. Pakaza unga wa chaki kwenye maungio yote unayoyashuku. Washa injini kwa dakika chache, izime, kisha tazama. Unga utabadilika rangi kwanza pale penye chanzo. Kanuni yake ni hii: fuata unyevu kwenda juu mpaka utakapokoma, kwani mahali palipolowa juu kuliko pengine pote ndipo pa kuchunguza.

Shinikizo ndani ya injini

Hata pistoni iliyo nzima hupitisha gesi kidogo kutoka chumba cha mwako hadi ndani ya kasha la injini. Gesi hiyo hutoka kwa njia ya kipumulio. Iwapo mpira wa kipumulio umejikunja au umezibwa na uchafu, shinikizo hupanda na oili husukumwa nje kupitia kila upenyo, hata kwenye sili mpya.

Injini iliyotoka kuundwa upya hupitisha gesi zaidi kwa saa zake za kwanza, kwa kuwa ringi hazijakaa sawasawa na kuta za silinda. Ikiwa baada ya saa hizo kipumulio bado kinatoa moshi mwingi kwa vishindo, tatizo limo katika ringi au silinda, na sili inaonewa bure.

Injini iliyoinama

Ndani ya lori injini hulazwa karibu sawa na ardhi. Ndani ya boti aghalabu huinama kuelekea tezi, ili ilingane na mhimili wa rafadha. Tuchukue bakuli la oili lenye urefu wa sentimita 60, lililoinamishwa nyuzi 10. Tofauti ya kina cha oili baina ya ncha ya mbele na ya nyuma huwa sentimita 10 na nusu hivi. Mbele oili hupungua, nyuma hupanda na kuikaribia sili.

Sasa, kama kijiti cha kupimia oili kipo upande wa mbele, kitaonyesha kwamba oili ni pungufu. Mwenye boti ataongeza, na ile ya nyuma itaifunika sili. Dawa yake si sili nyingine. Mimina kiasi alichoagiza mtengenezaji wakati injini imekwisha kufungwa chomboni, iendeshe kidogo ili chujio lijae, izime, ngoja oili ishuke, kisha chora alama mpya kwenye kijiti. Mtengenezaji pia huweka kikomo cha mwinamo, nacho kisivukwe.

Sili inayojua upande wake

Mhimili mkuu wa injini, ambao mafundi huuita krankshafti, ukiwa na kipenyo cha sentimita 10 mahali penye sili na ukizunguka mara 1,800 kwa dakika, uso wake hupita mbele ya mdomo wa sili kwa kasi ya zaidi ya mita 9 kwa sekunde. Ili kuzuia oili kwa kasi hiyo, baadhi ya sili huwa na mistari midogo iliyolazwa kwa mshazari. Katika injini nyingine, mistari hiyo huchongwa kwenye mhimili wenyewe, mfano wa skrubu. Mhimili ukizunguka, mistari huirudisha oili ndani. Lakini ukizunguka kinyume, mistari ile ile huivuta oili na kuitoa nje. Sili ni mpya na haina kasoro, ila inafanya kazi ya pampu.

Jambo hili hutokea kwa sababu boti zenye rafadha mbili hutaka rafadha hizo zizunguke kinyume, ili chombo kisivutwe upande mmoja. Zamani hasa, injini moja katika jozi iliundwa izunguke kinyume cha mwenziwe. Injini ya mtumba yaweza kuwa ndiyo hiyo, ingawa kwa macho inafanana na ya kawaida.

Kuutambua mzunguko

Kusema tu kwamba injini inazunguka kulia hakuna maana mpaka tujue msemaji amesimama wapi. Injini nyingi za magari, zikitazamwa kutoka mbele penye puli, hufuata mishale ya saa. Ukizitazama kutoka kwenye flaiwili, ni kinyume.

Injini za mvuke, kama zile zilizoisukuma meli ya Liemba katika Ziwa Tanganyika kabla ya kuwekewa dizeli katika miaka ya 1970, ziliweza kuzunguka pande zote mbili kwa kubadili utaratibu wa vali. Dizeli ndogo ya mapigo manne haiwezi. Kamshafti yake imechongwa kwa upande mmoja, na kurudi nyuma ni kazi ya giaboksi. Kwa hiyo kamshafti ndiyo shahidi wetu.

Ondoa waya za betri, vuta kizimio, fungua kifuniko cha vali, kisha zungusha krankshafti polepole kwa spana huku ukitazama vali mbili za silinda moja. Ikiwa vali ya moshi inafunguka, na inapokaribia kufunga vali ya hewa inaipokea, kisha zote mbili zinatulia, huo ndio upande sahihi. Ikiwa ya hewa ndiyo inayotangulia na ya moshi kuipokea, unazungusha kinyume. Chora mshale wa rangi kwenye puli, na ulinganishe na mshale uliochongwa kwenye sili, kama upo.

Stata nayo ichunguzwe. Ile ya kizamani, yenye nyaya za sumaku pande zote mbili, haigeuzi upande kwa kubadilisha waya za betri, kwani sumaku zote mbili hugeuka pamoja. Kufanya hivyo kwaweza kuunguza altaneta tu.

Basi utaratibu uwe huu: chanzo kwanza, kisha kipumulio, kisha mwinamo na kina cha oili, kisha upande wa mzunguko. Sili ing'olewe mwisho. Majaribio haya yote hayahitaji chombo ghali. Chaki, spana na rangi vinatosha. Na mahali pa kuyafanya ni nchi kavu, kabla chombo hakijang'oa nanga.