Mtoto Mnene Hatibiwi Peke Yake



Hapa kwetu Turkana tumezoea kuzungumza juu ya mtoto aliyekonda, na ni haki, maana njaa bado ipo. Lakini mjini kuna jambo jingine. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba Waturkana wanaoishi mjini ni wanene zaidi, na presha yao iko juu, kuliko wenzao wanaofuata mifugo. Mjini tunakula zaidi vya dukani, na hatutembei sana.

Mama mmoja wa Lodwar aliniletea kijana wake wa miaka 9. Shuleni walimcheka. Nyumbani alinyimwa chakula cha jioni, na ndugu zake wanakula mbele yake. Basi akaanza kuchukua shilingi za mama kwa siri anunue mandazi. Mama akafikiri amezaa mwizi. Kumbe ni njaa na uchungu.

Nikamwuliza, "Mama, soda hapa nyumbani hununuliwa na nani?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Ni mimi."

Matibabu huanzia hapo. Huko Marekani, Leonard Epstein na wenzake walifuatilia familia kwa miaka 10, wakachapisha matokeo mwaka 1990. Waliofaulu zaidi ni watoto ambao mzazi naye alibadilisha mazoea pamoja nao.

Tufanye nini?

1. Nyumba yote ibadilike. Soda isiwe ya kila siku. Sukari ya chai ipunguzwe kidogo kidogo, kwa wote.

2. Hesabuni pamoja. Kila siku mtoto akicheza nje au akitembea vya kutosha, atie kijiwe ndani ya mkebe.

3. Msifu. Zawadi isiwe peremende. Iwe mpira, au matembezi na baba.

4. Usimnyime chakula wala kumpa jina la kumcheka. Bado anakua, mara nyingi inatosha uzito usipande haraka huku akirefuka. Kwanza apimwe kliniki, maana macho hudanganya.

Wazee watasema unene ni baraka. Ni kweli, wameona kiangazi kikali. Lakini baraka ya mtoto ni afya, si kilo.

Yule mama aliacha soda. Siku hizi kijana akiniona hukimbia kunionyesha mkebe wake.

Maswali ya kikundi

1. Ni mazoea gani ya chakula ambayo watoto wameyapata kutoka kwetu wazazi?

2. Kila mmoja ataje jambo moja ambalo nyumba yake itaanza wiki hii.