Tunavyowataja wazazi wetu mbele ya watu

Kijana anayefanya kazi mjini ameketi na wenzake. Mzee mmoja aliyevaa katambuga anafika mlangoni, amebeba kikapu cha ndizi. Wenzake wanamwuliza kijana, “Huyu ni nani?” Anajibu upesi, “Ni mzee mmoja wa kijijini kwetu.”

Kijana hakusema uongo. Lakini mzee huyo ni baba yake, naye amesikia.

Hadithi hii ni ya kubuni, ila wengi wetu tunaifahamu. Tunavyowataja wazazi mbele ya watu, ndivyo watu wanavyojifunza kuwatendea. Wenzake wa yule kijana hawatasimama kumpa mzee kiti, kwa kuwa hawajaambiwa kwamba anastahili kiti.

Maneno tunayotumia

Kiswahili kinatupa maneno mengi ya kumtaja mzazi. Kila moja lina mahali pake.

■ Baba yangu, mama yangu, au kwa kifupi babangu, mamangu. Haya yanafaa mbele ya mtu yeyote. Ukiongea na ndugu yako wa tumbo moja, sema “baba” au “mama” tu. Ukimwambia “mama yangu”, ni kama unamwondoa yeye katika nyumba.

■ Mzee wangu. Ni neno la heshima, hata kama baba hajawa mkongwe. “Wazee wangu” ni baba na mama pamoja.

■ Mama Neema, Baba Juma. Majirani humwita mzazi kwa jina la mtoto, mara nyingi wa kwanza.

■ Mama mkubwa, mama mdogo, baba mkubwa, baba mdogo. Hawa nao ni wazazi katika ukoo. Mahali panapohitaji uhakika, kama hospitalini, tunaongeza neno “mzazi”: mama mzazi, baba mzazi.

■ Dingi, maza, bi mkubwa; na kwa vijana wa Kenya, buda na mathe. Vijana huyasema haya kwa upendo kati yao. Lakini yakisemwa mbele ya mwalimu, mchungaji au mgeni, yanaweza kusikika kama dharau.

Wengi wetu tunafikiri kwanza kwa lugha ya nyumbani. Kwa Kinyarwanda na Kikuyu, neno la “baba yangu” ni tofauti kabisa na neno la “baba yako” au “baba yake”. Kwa Kichewa, baba mmoja hutajwa kwa wingi ili kumheshimu. Inafaa kuuliza ni heshima gani iliyomo katika lugha zetu, ambayo tunaiacha tunapohamia Kiswahili.

Heshima isifiche jina

Katika nyumba nyingi mtoto hafundishwi kutamka jina la mzazi wake. Ni adabu njema, lakini ina hatari yake. Mtoto aliyepotea sokoni akiulizwa jina la mama yake, atasema “Mama Neema”. Akina Mama Neema ni wengi!

Tatizo hilo hurudi mtu akiwa mkubwa. Cheti cha kuzaliwa huhitaji majina kamili ya wazazi. Mzazi anapofariki, watoto huhitaji kuonyesha kwamba ni wake ili wapate haki yao ya urithi. Kama jina limeandikwa kwa namna moja kwenye cheti na kwa namna nyingine kwenye hati ya shamba, yatima ndiye anayesumbuka.

Basi mfundishe mtoto kusema kwa adabu, “Baba yangu mzazi anaitwa…”, kisha majina yote, kijiji na kitongoji. Mtoto anayelelewa na bibi ajue kumtaja bibi anayemlea na pia wazazi waliomzaa. Kumtaja marehemu kwa jina lake si kukosa heshima. Ni kumtunza asisahauliwe.

Somo la Biblia: Yusufu mbele ya Farao

Soma Mwanzo 46:31 hadi 47:12.

Yusufu alikuwa mtu mkubwa Misri. Baba yake, Yakobo, alikuwa mfugaji aliyekimbia njaa, na Wamisri waliwachukia wachungaji wa mifugo. Yusufu angeweza kumficha mzee wake huko Gosheni. Badala yake alimwambia Farao wazi kwamba baba yake na ndugu zake wamefika na mifugo yao. Kisha akamwingiza Yakobo, mzee wa miaka 130, akamsimamisha mbele ya mfalme. Yakobo akambariki Farao.

Tazama pia mwisho wa habari hii. Yusufu hakuishia kwenye maneno mazuri, bali aliwapa baba yake na jamaa yote chakula. Ziko nyumba ambako mzazi anasifiwa kanisani huku hana chumvi jikoni. Yesu aliwakemea watu waliotumia maneno ya dini kukwepa kuwasaidia wazazi wao (Marko 7:9–13).

Je, kama mzazi ana makosa?

Soma Mwanzo 9:20–23. Hamu aliona aibu ya baba yake akatoka kuitangaza. Ndugu zake wawili waliifunika. Ulevi wa baba au ugomvi wa nyumbani si habari ya kuchekesha watu kijiweni.

Lakini kufunika aibu si kuficha maovu. Mtoto anayepigwa vibaya au kunyanyaswa na mzazi wake ana haki ya kumwambia mtu mzima anayemwamini. Akifanya hivyo hajavunja heshima.

Maswali ya majadiliano

■ Katika lugha yenu ya nyumbani, mnamtajaje baba au mama mbele ya mgeni?

■ Je, umewahi kuona haya kumtambulisha mzazi wako? Ni nini kilichokufanya uone haya: mavazi, elimu, umaskini au ugonjwa?

■ Watoto wa kikundi chenu wanajua majina kamili ya wazazi wao? Waulizeni wiki hii.

■ Igizeni hadithi ya yule kijana mara mbili: kwanza kama ilivyo, kisha kijana akijibu vizuri. Ni nini kinachobadilika kwa wenzake? Na kwa mzee mwenyewe?

Kijana yule alihitaji maneno machache tu: “Karibuni mumsalimie, huyu ni baba yangu.” Baada ya hapo, kikapu kingepokelewa na kiti kingepatikana.