SOMO LA MWEZI: MAJANI NA VIUNGO KATIKA CHAKULA CHA KUKU WA NYAMA

Wengi wetu tulikimbilia hapa Quitunda baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, tukiwa hatuna shamba wala jembe. Vifaranga 20 vya kuku wa nyama ni mtaji ambao familia inaweza kuutunza uani. Vikifa, akiba ya nyumba imekwisha. Kwa hiyo tujifunze majani yanasaidia nini, na yanashindwa wapi.

1. Kwa nini tuangalie utumbo?

Kuku wa nyama hukua kwa wiki 5 au 6 tu. Utumbo wake ukiumwa, chakula hupita bila kufyonzwa, nasi tunakuwa tumelisha kinyesi. Kwa miaka mingi wafugaji wakubwa walichanganya antibiotiki kidogo katika chakula ili kuku wakue haraka. Vijidudu vikaizoea dawa, na hatari hiyo inawafikia hata wagonjwa wetu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa hizo za kukuzia tangu 1 Januari 2006, na wengi wakageukia mimea. Basi tusifungue kapsuli za binadamu katika maji ya kuku.

2. Tutumie nini, kwa kipimo gani?

(a) Mlonge (moringa). Kausha majani kivulini, twanga, chekecha. Changanya gramu 20 hadi 30 katika kilo 1 ya chakula. Usizidishe gramu 50, maana yakizidi ukuaji hupungua.
(b) Kitunguu saumu. Kikaushwe na kusagwa, gramu 5 kwa kilo 1. Hupunguza vijidudu vibaya utumboni.
(c) Manjano ya unga, gramu 5 kwa kilo 1.

Anza na kimoja, kwa kiasi kidogo. Ukitia vyote kwa pamoja hutajua kipi kilichosaidia.

3. Majani hayafanyi nini?

Hayazuii kideri (mdondo). Kinga yake ni chanjo. Hapa Msumbiji chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja la jicho, na kwa kuku wa kienyeji hurudiwa kila miezi 4.

Hayatibu kuhara damu. Ugonjwa huo hukaa katika matandiko yenye unyevu. Geuza maranda, ondoa yaliyolowa, usisongamanishe kuku.

Hayashiki nafasi ya chakula. Kuku wa nyama anahitaji protini kama asilimia 20 hadi 22: soya, mashudu, dagaa. Dagaa wa chumvi waoshwe kwanza, kwani chumvi nyingi huua vifaranga. Mahindi yenye ukungu yatupwe; hakuna kiungo kinachoondoa sumu yake.

Hayasafishi maji. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Osha vyombo kila siku.

4. Tupime wenyewe

Gawa vifaranga 20 vya siku moja: 10 wale chakula cha kawaida, 10 kilekile pamoja na mlonge. Banda, maji na joto viwe sawa. Pima uzito kila wiki kwa mizani ya mkono, na uandike pia chakula kilichotumika na waliokufa. Kama hakuna tofauti, usiongeze gharama. Akikuuzia mtu unga wa "kuku wakubwa kwa wiki tatu", muulize daftari lake la vipimo.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi
1. Katika banda lako, ni nini kinachoua zaidi: njaa, unyevu au kideri?
2. Nani katika mtaa wenu anaweza kupeleka ombi la chanjo kwa niaba ya wote?
3. Tukiweka mizani moja kwa kikundi, nani ataitunza?

Kusoma nyumbani: Mithali 27:23.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu.