Umemjua Wapi? Katuni, Filamu na Jinsi Tunavyowaona Wengine

Kwa jina la Allah, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na swahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu mwanafunzi, waulize wenzako Wanigeria ni watu wa namna gani. Wengi watajibu haraka: wachawi, matapeli. Kisha waulize swali la pili: umemjua wapi Mnigeria? Hapo watanyamaza. Hawajaishi naye wala kula naye. Wamemwona kwenye filamu. Somo letu linahusu picha hizi za watu tusiowajua, na namna Uislamu unavyotutaka tuzipime.

1. Mzazi wa tatu

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mtoto huzaliwa katika fitra, kisha wazazi wake ndio humwelekeza. Siku hizi nyumba nyingi za Tunduma zina mzazi wa tatu: runinga, simu au kibanda umiza cha mtaani. Mzazi huyu hamwambii mtoto kuwa watu fulani ni wabaya. Humwonyesha tu mwovu mwenye sura ile ile, lafudhi ile ile na mavazi yale yale. Mtoto akiona hivyo mara nyingi, huamini kuwa anawajua watu hao.

Mtoto huweza hata kujifunza kujidharau mwenyewe. Katika miaka ya 1940, wataalamu Kenneth na Mamie Clark wa Marekani waliwaonyesha watoto weusi wanasesere weupe na weusi, wakawauliza yupi mzuri na yupi mbaya. Wengi walisema mzuri ni yule mweupe. Mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitaja utafiti wao ilipopiga marufuku kuwatenga wanafunzi wa shule za serikali kwa rangi.

2. Wengine wanavyotuchora

Katuni ya Aladdin ilitolewa na kampuni ya Disney mwaka 1992. Kijana shujaa na binti mfalme wanazungumza kama Wamarekani, lakini walinzi na wachuuzi wana sura za kutisha na lafudhi nzito ya kigeni. Wimbo wa mwanzo ulizungumzia nchi ambako mtu hukatwa sikio kwa kutopendeza sura tu. Waarabu wa Marekani walilalamika, na mwaka 1993 maneno hayo yakabadilishwa katika kanda za video.

Jack Shaheen, Mmarekani wa familia ya Kikristo yenye asili ya Lebanoni, alichunguza filamu zaidi ya 900. Katika kitabu alichotoa mwaka 2001 alionyesha kuwa nyingi mno zilimchora Mwarabu kama katili, tajiri mpumbavu au gaidi. Tuzingatie hili: aliyesimama kupinga dhuluma hiyo hakuwa Mwislamu.

3. Nasi tunavyowachora wengine

Je, mikono yetu ni safi? Katika filamu zetu, mchawi mara nyingi ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa dhana hiyo hiyo, na kumbe macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Filamu haikuanzisha imani hiyo, lakini huilisha kila jioni.

Allah (s.w.) katika Suratul Hujuraat anatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kumdhuru mtu kwa ujinga (aya ya 6), anakataza watu kudharauliana (aya ya 11), na anatufahamisha kuwa alituumba mataifa na makabila ili tujuane (aya ya 13). Kujuana huko kwetu ni rahisi. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Wanyamwanga wapo pande zote mbili, na malori huleta madereva kutoka Zambia na Kongo. Majirani zetu wengi ni Wakristo. Tukumbuke kuwa Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, walikimbilia Uhabeshi mwaka 615, na mfalme Mkristo, Najashi, ndiye aliyewahifadhi.

4. Tufanye nini?

Kuzima runinga peke yake hakutoshi. Mtoto ataangalia kwa jirani. Wazazi, kaeni na watoto wanapoangalia, na muwaulize maswali. Chagueni vipindi vyenye manufaa, kama Ubongo Kids, katuni iliyoanza kutengenezwa Dar es Salaam mwaka 2014, ambamo watoto wa Kiafrika hutatua matatizo kwa hesabu na sayansi.

Nawe mwanafunzi, unapoangalia jiulize: Nani amefanywa mwovu, na kwa alama gani? Nani amenyimwa nafasi ya kusema? Je, mimi namjua mtu wa namna hiyo, na yukoje?

Maswali ya kujipima

1. Taja aya tatu za Suratul Hujuraat zilizotajwa katika somo hili na mafunzo yake.
2. Kwa nini ni dhuluma kumhukumu bibi kizee kwa macho yake?
3. Zungumza na jirani mmoja wa kabila au dini nyingine. Andika jambo moja ulilolijua kwake ambalo hukuliona kwenye filamu.

Tunamwomba Allah (s.w.) atuonyeshe haki na atujaalie kuifuata. Wabillahi tawfiiq.